Nimempa nauli ya methadoni miezi minne, sasa nimemkuta na kijiti. Nimwache?

Binti_Azimio (Jumatano, saa 3:40 usiku)

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo habari zenu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Temeke, mwaka wa pili sasa, chini ya asasi inayofanya kazi na watu wanaotumia heroini. Ofisi yangu ni maskani: nyuma ya gereji, kwenye mapagale, kando ya reli. Begi langu lina kondomu, vikopo vya makohozi, fomu za rufaa na chupa za maji. Maji niliyaongeza mwenyewe. Mtu aliyeshinda juani akiokota chuma chakavu anaweza kukataa maneno yangu, lakini maji hakatai, na akishainua chupa ananipa dakika tano.

Kuna kaka mmoja nitamwita Chuma, silo jina lake. Ana miaka 34, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na ukipita naye mtaani bado anakuonyesha: lile nililichomelea mimi, lile pale bawaba zake hazijalegea mpaka leo. Unga alianza kwa kijiti, bangi iliyochanganywa na ngada, yaani heroini, baadaye akahamia kwenye bomba, yaani sindano. Nilimfuata miezi mitatu kabla hajakubali rufaa. Akahudhuria vikao vyote vya maandalizi, akapimwa virusi vya UKIMWI (hana), akapokelewa kliniki ya methadoni, dawa inayonywewa badala ya heroini. Wiki ya tatu aliniambia, "Dada, leo nimelala mpaka adhana ya alfajiri ndiyo imeniamsha." Mnaoishi na watu hawa mnajua usingizi huo ni mali kiasi gani.

Shida ikawa nauli. Methadoni ni bure, lakini inanywewa palepale dirishani, nesi akikuangalia, kila siku ya Mungu, Jumapili na Idi imo. Daladala ni 600 kwenda na 600 kurudi. Mtu aliyeamka mifupa inamuuma, pua inachuruzika, hawezi kuanza kwa kutafuta kibarua ndipo apate 600 ya kwenda kunywa dawa ambayo ingempa nguvu ya kufanya kibarua. Nikaanza kutoa mfukoni. Siku moja, siku mbili, ikawa kila jioni namwachia 1,200 ya kesho. Kwa mwezi ni 36,000, karibu robo ya posho yangu, na nina mtoto wa darasa la pili. Asasi hairuhusu kumpa mlengwa fedha yako binafsi, kwa hiyo msimamizi wangu sikumwambia.

Mwezi wa nne tangu aanze kliniki akaanza kukohoa. Homa za jioni, jasho la usiku, suruali akawa anaifunga kwa kamba. Nikampa kikopo, majibu yakarudi: TB. Tarehe 3 Machi akaanza dawa kwenye zahanati ya jirani na kwao. Nilifurahi, maana tumeikamata mapema.

Baada ya siku tisa au kumi hivi akaanza wimbo mpya: "Dada, dawa haishiki." Kila nikimwona, dawa haishiki. Mimi nikasikia pesa. Nikajisemea, ameizoea nauli, sasa anatafuta njia ya kuongezewa. Nikamwambia avumilie, mwili unapigana na TB.

Jana mchana nimepita kwenye pagale lao. Chuma amekaa na wenzake watatu, kijiti mkononi. Akaniona. Hakukificha. Akasema, "Dada, wallahi kliniki nimekwenda asubuhi." Sikumjibu. Nimetoka pale natetemeka, nikaenda kukaa kituoni, daladala tatu zimepita sijapanda.

Sasa naombeni ushauri wenu, hasa mnaofanya kazi hii. Nimwache? Nikate nauli? Nimweleze msimamizi nilichokuwa nikifanya? Na kuna wengine watatu pale pale maskani wameshajua habari ya nauli, wananiuliza, "Na ya kwetu iko wapi?" Sina la kuwajibu.

---

Mzee_wa_Tandika (Jumatano, saa 4:15 usiku)

Pole mdogo wangu, una moyo mzuri. Lakini mimi nimeibiwa betri ya gari, nimekatiwa nyaya za umeme, na mwaka juzi nimeng'olewa geti zima usiku nikiwa nimelala ndani. Teja ni teja. Hiyo 36,000 mnunulie mwanao viatu na madaftari. Huyo wako alikuwa anakula nauli tangu siku ya kwanza, wewe ndiyo kwanza unaona.

---

Kaka_Rika (Jumatano, saa 5:02 usiku)

Mzee wangu wa Tandika, shikamoo. Hasara yako siibishii. Mimi mwenyewe nimeshabeba vya watu, na kuna nyumba Kinondoni nilirudi baadaye kuomba radhi, nyingine hawakunifungulia. Ila naomba nami nisikilizwe, maana nimekaa pande zote mbili za jambo hili.

Kliniki ya methadoni ya Muhimbili ilipofunguliwa Februari 2011, sisi wa maskani tulisema huo ni mtego. Nani akupe dawa bure kila siku halafu polisi wasikuzingire? Aliyenitoa hofu alikuwa dada kama huyu Binti, na alinifuata wiki kwa wiki nikimtukana. Mwaka uliofuata kliniki ikafunguliwa Mwananyamala, nikaingia. Sasa ni mwelimisha rika na bado nakunywa. Watu huniuliza utaacha lini, nami huwauliza mgonjwa wa sukari anaacha lini sindano.

Binti, nianze na nauli, maana hiyo ndiyo inayokuumiza hadharani. Ulikosea, na nakwambia kwa upendo. Kutoa si kosa. Kosa ni kutoa peke yako, kimyakimya, jioni, mkononi. Pesa ya jioni kwa mtu aliyeanza methadoni juzi inapaswa kulala naye usiku kucha. Hujui vita inayopigwa na ile 1,200 ndani ya mfuko saa sita za usiku. Ukitaka kumsaidia mtu kufika, mfikishe asubuhi. Sisi tulianzisha msafara: kila maskani ina mtu mmoja aliyekaa muda mrefu kwenye dawa, anapita saa kumi na moja alfajiri, anaamsha wenzake, wanatoka pamoja. Wa karibu wanatembea. Wa mbali tulizungumza na makonda wa njia ile, watu wawili wawili kwa gari, na asasi ndiyo inayolipa kwa orodha, si mimi. Si makonda wote waliokubali, lakini waliokubali wanatosha. Mwambie msimamizi wako. Atakugombeza siku moja. Ukificha, siku itakayojulikana utakuwa umeiba hata kama ni pesa yako, ndivyo watakavyolisema.

Sasa hilo lingine. Nimelisoma mara mbili neno la Chuma, "dawa haishiki". Dada yangu, teja anayetaka pesa hasemi dawa haishiki. Atasema mama anaumwa, atasema amefiwa, atasema viatu. Dawa haishiki ni neno la mtu mwenye arosto, yale mateso ya mwili unaokosa dawa. Je, ulimuuliza inamkamata saa ngapi? Na amekunywa methadoni saa ngapi? Kama hukumuuliza, usimhukumu bado.

Halafu wewe mwenyewe umeshapima kikohozi? Umekaa na mtu wa TB kwenye pagale lisilo na dirisha, miezi. Kapime. Na ukizungumza nao, watoe nje, ukae upande upepo unakotokea.

---

Sista_Dirishani (Alhamisi, saa 12:20 asubuhi)

Nimeamka kwenda zamu nikakutana na uzi huu, na nimekaa kitandani kuuandikia kabla hata ya kunawa uso. Binti, tafadhali leo hii usifanye kitu kingine kabla ya hiki.

Mimi ni nesi wa dirisha la methadoni, mkoa mwingine si Dar. Dawa za TB alizoanza huyo kaka, kwa miezi 2 ya kwanza zipo 4 ndani ya kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi 4 inayofuata zinabaki rifampisini na isoniazidi. Kwa hiyo rifampisini ipo kuanzia kidonge cha kwanza mpaka cha mwisho. Ndiyo hiyo inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa.

Methadoni inasagwa na ini. Rifampisini inalichochea ini lifanye kazi hiyo kwa kasi kuliko kawaida. Haianzi siku ya kwanza. Inapanda taratibu, wiki ya kwanza, ya pili, na hapo ndipo mteja anaanza kulalamika. Amekunywa dozi ileile, kikombe kilekile, mbele ya nesi yuleyule, lakini ile iliyokuwa ikimfikisha kesho asubuhi sasa inaishia njiani. Pua, miayo, jasho, tumbo, mifupa. Hii si tabia. Ni damu ambayo dawa imekwisha ndani yake. Madaktari wa New York waliliandika mwaka 1976: wagonjwa 30 wa methadoni walipewa rifampisini, 21 kati yao wakapata arosto. Ni jambo la miaka mingi, na bado kila mwaka naletewa mteja aliyekaa wiki mbili akiambiwa avumilie.

Binti, umeandika siku tisa au kumi. Nimesoma hapo moyo ukanidunda.

Dawa ya shida hii ipo na ni rahisi: dozi ya methadoni inaongezwa, hatua kwa hatua, daktari akimwangalia, mpaka imshike saa 24. Lakini daktari hawezi kuongeza asichokijua. Kama TB anatibiwa zahanati nyingine, inawezekana kabisa kliniki ya methadoni hawana habari. Mwambie aende na kadi zote mbili na aziweke mezani.

Kuna mambo ambayo asifanye, na naomba umwambie kwa kinywa chako. Asiache dawa za TB ili methadoni irudi kushika. Wengine wanalifikia wazo hilo wenyewe, na matokeo yake ni TB sugu. Asijazie kwa vidonge vya usingizi wala pombe. Methadoni na vidonge hivyo pamoja vinasimamisha pumzi, mtu anakoroma, midomo inageuka rangi, wenzake wanadhani amelala vizuri. Mkimkuta hivyo mlazeni kwa ubavu, mwiteni, mtikiseni, na hospitali hapo hapo. Na asikose siku. Mtu akikosa siku kadhaa mfululizo hawezi kurudishiwa dozi yake kamili kama vile hakuna kilichotokea, mwili unakuwa umeshasahau.

Ukiweza, omba TB ihamie dirishani. Sisi hapa mteja anameza vidonge vya TB na methadoni kwa pamoja, maji yaleyale, nesi yuleyule, safari moja. Na kama mna wengine wenye virusi wanaotumia dolutegravir, hao wakianza rifampisini dolutegravir nayo inapaswa kuwa mara mbili kwa siku, kwa sababu ileile ya ini. Ulizeni.

Naingia kazini. Nitapita jioni.

---

Binti_Azimio (Alhamisi, saa 1:05 asubuhi)

Dada Sista, nimekusoma nikiwa nimesimama mlangoni. Sina maneno. Mkojo wa rangi ya chungwa nilimwambia mimi mwenyewe asiuogope, niliufundishwa. Hili la methadoni hakuna aliyenifundisha, wala sikuuliza. Amelisema wiki mbili. Wiki mbili mtu anakwambia kitu cha kweli na wewe unamsikia anaomba pesa.

Nakwenda kumtafuta.

---

Mamake_Swaleh (Alhamisi, saa 4:30 asubuhi)

Binti, hujambo mwanangu. Mie niko Mombasa, upande wa Kisauni. Mwanangu wa kiume anywa methadoni mwaka wa sita sasa, alhamdulillahi. Sina elimu ya sista wala ya huyo kaka, nina ya mama tu.

Nataka kukwambia kitu kimoja, nawe kazi hii waifanya kwa moyo. Siku za mwanzo mwanangu alipokuwa arudi kutoka kliniki, mie nilikuwa namnusa. Namvua kofia, namtazama macho, namkagua mikono. Naye alikuwa asimama tu kama mtoto achunguzwaye chawa. Siku moja kapotea simu ya dadake. Nikamwandama Swaleh mchana kutwa kwa maneno, mbele ya majirani. Magharibi simu ikaonekana chini ya godoro la dadake mwenyewe. Swaleh hakusema neno. Alikwenda kutumia unga usiku ule, siku arobaini na moja za usafi zikenda na maji. Kesho yake aliniambia, "Mama, nilipokuwa mwizi ulinishika mwizi, na nilipokuwa si mwizi ulinishika mwizi. Sasa niliona yote mamoja."

Ukimuona huyo Chuma usianze na kadi. Anza na radhi. Wewe ni mdogo kwake kwa umri, lakini kwake wewe ndiwe serikali, ndiwe hospitali, ndiwe ndugu. Radhi yako yamfaa kabla ya dozi.

---

Kaka_Rika (Alhamisi, saa 4:52 asubuhi)

Mama yangu wa Mombasa, shikamoo. Nimelisoma hili la Swaleh kazini, imebidi nitoke nje.

---

Mzee_wa_Tandika (Alhamisi, saa 7:10 mchana)

Hilo la ini nimelielewa, na kwa hilo nimekosea kusema alikuwa anakula nauli, nalirudisha. Lakini sista, hebu nieleze mimi mlipakodi. Mnamtoa mtu kwenye unga mnampa methadoni, halafu anaikosa anapata arosto ileile. Si mmebadilisha tu muuzaji?

---

Sista_Dirishani (Alhamisi, saa 2:35 usiku)

Mzee wangu, swali lako ni la haki, nakujibu. Unga unapanda na kushuka kwa saa chache, kwa hiyo mtu anautafuta mara tatu, nne kwa siku, na kila mara anatafuta pesa, na wewe unapoteza geti. Haujulikani umechanganywa nini, na bomba linapita mikono mingi, ndiyo njia ya virusi na homa ya ini. Methadoni inanywewa mara moja, ikiwa dozi yake ni sahihi haimpi stimu wala arosto, anakwenda kazini. Mwili bado unaitegemea, hilo sikufichi. Nina wateja wangu wanaendesha bodaboda, mmoja ana kibanda cha chipsi na ameajiri. Wanakuja saa moja asubuhi wakiwa na haraka ya kwenda kutafuta riziki, wananigombeza nikichelewa kufungua dirisha. Huko nyuma walikuwa na haraka ya kwenda mahali pengine.

Binti, umempata?

---

Binti_Azimio (Ijumaa, saa 3:15 usiku)

Nimempata, na nimewaandikia leo kwa sababu jana usiku sikuwa na nguvu hata ya kushika simu.

Pagaleni hakuwepo. Wenzake walinitazama kama askari, hakuna aliyesema alipo. Nikawapa maji, nikawaambia nimemkosea Chuma na ninataka kumwomba msamaha. Wakatazamana. Mmoja wao, kijana mdogo kuliko wote, akanyanyuka akanipeleka mpaka kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Chuma alikuwa kwenye foleni ya mzani na kiroba cha misumari iliyopinda na vipande vya nondo.

Nilifuata neno lako, Mama Swaleh. Kadi sikuzitaja. Nilimwambia, "Kaka, ulinieleza dawa haishiki na mimi nikakudhania. Umesema kweli tangu mwanzo. Nisamehe." Akaweka kiroba chini. Akauliza, "Nani amekwambia kuwa nilisema kweli?" Nikamweleza habari ya rifampisini, yote, kama alivyoiandika Sista, habari ya ini kuchochewa. Alisikiliza akiwa ameinamia misumari yake. Mwisho akasema, "Basi sikuwa naota."

Kaka Rika, swali lako la saa nilimuuliza. Anakunywa methadoni saa moja asubuhi. Kabla ya TB ilikuwa inamfikisha mpaka kesho yake bila shida. Siku hizi ikifika saa mbili usiku miayo inaanza, saa nne miguu inapiga teke yenyewe, anatoka nje asimwamshe mama yake, anatembea barabarani mpaka kuche. Siku ya kijiti, alikuwa na siku tano hajalala. Akaniambia alichagua kijiti na si bomba kwa sababu aliniahidi bomba hatashika tena.

Leo alfajiri tulikwenda pamoja kwa miguu, na mvua ya masika ilitukuta njiani. Dirishani nesi alifungua daftari. Naombeni mlielewe hili, hasa wewe mzee wangu wa Tandika: tangu tarehe aliyoanza methadoni mpaka leo, Chuma hajakosa hata siku moja. Hata Jumanne ile. Saini yake ipo, asubuhi, kama alivyoapa. Nauli yangu haikuliwa hata shilingi moja, na siku mbili ambazo mimi nilisahau kumwachia, alitembea.

Daktari alipoiona kadi ya TB alishika kichwa. Chuma alikuwa ameulizwa kama anaumwa popote, akasema ana kikohozi anatibiwa, ikaishia hapo. Dozi imeanza kuongezwa leo, na atarudi kuonwa kila baada ya siku chache mpaka itulie. Dawa za TB zinahamishiwa dirishani kuanzia Jumatatu, barua ya uhamisho nimeipeleka zahanati mwenyewe kwa mkono.

Halafu nikaenda kwa msimamizi. Nilimwambia yote, na 144,000 nikazitaja. Alinigombeza kweli, sauti ilisikika mpaka chumba cha pili. Alipomaliza akanyamaza muda, akauliza msafara wa huko Kinondoni unaendeshwaje. Kaka Rika, nimempa maelezo yako, anataka kuzungumza nawe ukiruhusu. Wale watatu waliokuwa wakiuliza ya kwao, nimewajibu kwamba pesa mkononi haipo tena kwa yeyote, hata kwa Chuma, lakini saa kumi na moja alfajiri nitakuwa pale kwenye reli. Mmoja amecheka. Wawili wamesema watakuja.

Kikohozi changu nimepima, sina TB. Vikopo nimegawa pagale zima, 9, majibu wiki ijayo.

---

Kaka_Rika (Ijumaa, saa 3:31 usiku)

Aliyecheka usimwache nyuma. Mimi nilikuwa yule anayecheka. Msimamizi wako anipigie hata kesho, namba nakutumia pembeni.

---

Sista_Dirishani (Ijumaa, saa 4:08 usiku)

Nimelia na nimeshukuru. Sasa nakupa kazi ya mwisho, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Siku Chuma atakapomaliza TB, rifampisini itaondoka, na ini litarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, taratibu, kama wiki mbili. Lakini dozi ya methadoni itakuwa bado ile kubwa tuliyoipandisha. Dozi iliyokuwa ikimtosha sasa itakuwa inamzidi. Mteja anaanza kusinzia mchana, anabembea kwenye benchi, watu wanadhani amerudi kwenye unga, wanamsema. Wengine hawaamki. Kwa hiyo dozi lazima ishushwe, nako kwa hatua, kuanzia pale TB inapoisha. Kila mtu atakuwa anasherehekea kupona TB, na hakuna atakayekumbuka. Wewe kumbuka. Alianza tarehe 3 Machi ulisema?

---

Binti_Azimio (Ijumaa, saa 4:20 usiku)

Tarehe 3 Machi, ndiyo. Miezi 6, kama hakuna kidonge atakachokosa inaisha mwanzoni mwa Septemba. Kesho naandika "METHADONI ISHUSHWE" kwa kalamu nyekundu kwenye kadi zote mbili, na nimemweleza mama yake kwa simu sasa hivi: akimwona mwanawe anasinzia mchana mwezi huo asimgombeze, anipigie. Nakala ya tatu nimeibandika ukutani juu ya kitanda cha mwanangu, mahali ninapopaona kila alfajiri ninapomfunika shuka kabla ya kutoka.